Usihesabu Siku, Hesabu Bamvua

Mwanzoni mwa Februari, chombo chetu kikiwa nangani katika mkono wa bahari wa Kilifi, nilifunua injini asubuhi kama desturi nikakuta oili nyekundu imetanda juu ya maji ya ngama. Giaboksi ilikuwa ikivuja kwa nyuma, pale shafti inapotokea. Zilikuwa zimebaki siku nne tung'oe nanga kwenda Unguja, safari ya maili 150 hivi za baharini, na kaskazi ilikuwa ikivuma vizuri. Mimi na mume wangu tukakubaliana kwamba jambo hili ni la wiki mbili. Tuliondoka Kilifi mwezi wa Desemba.

Fundi wa kwanza alisema hapana budi kuagiza sili ya oili kutoka kwa waliotengeneza giaboksi, ng'ambo. Tukaagiza. Wiki tano zikapita kati ya msafirishaji, ghala na forodha, na kifurushi kilipofunguliwa tukakuta sili ya mbele badala ya ya nyuma. Kufikia hapo mawingu ya masika yalikwisha jipanga na upepo ulikuwa hauna mwelekeo. Aprili kusi ikashika. Mkondo wa bahari nao, ambao wakati wa kaskazi hulegea, ukaongeza kasi kuelekea kaskazini. Kubisha maili 150 dhidi ya kusi na mkondo, kwa chombo cha mita tisa chenye mtoto ndani, ni jambo tulilolikataa bila mjadala mrefu.

Mwezi wa Mei alikuja fundi wa pili. Aliifuta sili ya zamani kwa kidole gumba akasoma namba tatu zilizopigwa chapa kwenye mpira wake: 35, 50, 8. Kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, vyote kwa milimita. Akasema sili hiyo inauzwa Mombasa, katika maduka ya beringi. Ilikuwepo, na bei yake haikufika bei ya samaki mmoja wa kitoweo.

Ninaandika mwongozo huu kwa anayeishi ndani ya chombo cha tanga au anayefikiria kufanya hivyo, awe amenunua yoti kuukuu iliyoachwa na msafiri, awe ameigeuza mashua ya mbao kuwa nyumba. Chombo kitaharibika. Hilo halina dawa. Kinachoweza kupunguzwa ni kuchelewa, na kuchelewa kwa baharini kuna kipimo chake. Ukikosa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na ya mwezi mpevu, unangoja takriban siku 15. Ukikosa msimu, unangoja nusu mwaka na zaidi. Ndiyo maana sisi sasa hatusemi kazi hii ni ya siku ngapi. Tunasema ni ya bamvua lipi.

Kalenda ya maji

Chukua daftari ubandike ndani yake jedwali la maji la mwaka. Pembeni mwa kila bamvua acha nafasi ya kuandika kazi. Kwenye pwani yetu, Lamu mpaka Dar es Salaam, maji ya bamvua hujaa takriban saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita moja au kupita kidogo. Mabamvua ya Machi na Septemba, jua linapovuka ikweta, ndiyo makubwa kuliko yote.

Mpango huu wa saa ni neema kwa anayetengeneza chombo. Maji ya chini kabisa yanakukuta asubuhi, jua halijawa kali, mafundi wameshakunywa chai. Ukikiegesha chombo ufukweni kwa maji ya alfajiri, pahali palipochaguliwa vizuri, unapata saa nne hadi tano za kufanya kazi chini yake pakiwa pakavu, kisha alasiri kinaelea tena. Katika muda huo unaweza kusugua tumbo, kubadilisha zinki, kusafisha rafadha, hata kubadilisha vali iliyokwama, mradi kila kitu kimeandaliwa jana yake. Rangi ya chini ya maji inahitaji maji mawili: upande mmoja leo, wa pili kesho.

Hapa pana kosa ambalo nimeona likiwafunga watu wawili tofauti kwa wiki mbili kila mmoja. Bamvua hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Ukipandisha chombo siku ya kilele, pahali pa juu kabisa, maji ya kesho yatakuwa pungufu kwa kiganja, ya keshokutwa pungufu kwa dhiraa, na chombo kimepwelewa hadi bamvua lijalo. Panda siku mbili kabla ya kilele, maji yakiwa bado yanaongezeka. Jambo likikwama, kesho kuna maji zaidi ya kukutoa.

Kitu kingine ambacho jedwali halitakuambia ni Idi. Idi ya Ramadhani huangukia mwandamo wa mwezi, na mwandamo ni bamvua. Bamvua hilo halina fundi hata mmoja, na haifai umtafute. Weka kazi yako katika bamvua la mwezi mpevu, katikati ya Ramadhani, ukijua kwamba mtu aliyefunga atafanya kazi asubuhi tu, au subiri mwezi mpevu wa Mfungo Mosi. Idi ya kuchinja, tarehe 10 Mfungo Tatu, huja karibu na maji mafu, kwa hiyo haikupotezei kitu. Maulidi ni Mfungo Sita, na Lamu sherehe zake huchukua siku kadhaa. Andika yote haya katika daftari mapema, maana anayepanga kwa kalenda ya ukutani peke yake hushangaa kila mwaka.

Kuegesha kwa magadi

Si kila chombo kinaweza kuegeshwa ufukweni. Yoti zenye mikuku miwili husimama zenyewe. Mashua na yoti zenye mkuku mrefu husimama kwa magadi, zile nguzo za pembeni ambazo manahodha wa majahazi wamezitumia tangu zamani. Yoti yenye mkuku mwembamba mrefu kwenda chini haifai kabisa kwa kazi hii. Itafutie chelezo au yadi yenye tela, hata kama foleni yake ni ya mwezi mzima.

Kabla ya siku yenyewe, nenda kwa miguu wakati wa maji kupwa ukague ardhi. Unatafuta mchanga mgumu, usio na jiwe wala kisiki, wenye mteremko mdogo. Weka vijiti viwili vya alama. Chombo kinapokaa, kilalie kidogo upande wa nchi kavu: sogeza madumu ya maji, nanga ya akiba na sanduku la zana upande huo. Kikilalia baharini, maji yanaporudi yanaweza kuingia ndani kabla hakijainuka. Funga vali zote za chini. Usiwashe injini, kwani haipati maji ya kupooza. Watoto wakae nchi kavu mpaka chombo kielee. Usimruhusu mtu yeyote alale chini ya tumbo kabla ya kujaribu kila gadi kwa mkono na kuhakikisha limekaa juu ya ubao, si juu ya mchanga mtupu.

Rangi ya zamani usiikwangue juu ya mchanga. Rangi za chini ya maji zimejaa shaba, na yoti za miaka ya 1970 na 1980 huenda zimebeba tabaka la rangi yenye sumu ya bati, ambayo mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008 umeipiga marufuku. Ndani ya mkono wa bahari wanaishi kaa na chaza, na wapo akina mama wanaowaokota kwa ajili ya chakula cha watoto wao. Tandika turubai, tumia msasa wa maji, kusanya taka zote katika ndoo. Kazi ya kukwangua hadi kwenye bodi ifanyike yadi. Hili nalisema bila kulainisha.

Chombo cha mbao kina masharti yake. Mnyoo wa bahari anayetoboa mbao, teredo, hangoji pesa zako zipatikane. Wazee walimdhibiti kwa kulichoma tumbo kwa moto wa makuti kisha kupaka deheni ya shahamu na chokaa, na walirudia kila baada ya miezi michache. Rangi ya kisasa hudumu zaidi, lakini pahali padogo palipokwanguka rangi panamtosha. Na chombo cha mbao kikikaa nchi kavu wiki kadhaa wakati wa kaskazi, mbao hukauka na kusinyaa, kalafati hulegea. Kimwagie maji ya bahari asubuhi na jioni, kifunike kwa makuti. Kikishushwa kitavuja, pengine usiku mzima, mpaka mbao zivimbe. Usiku huo mtu mmoja asilale, na pampu ziwe mbili.

Msimu wa kazi na msimu wa safari

Anayetaka kwenda kusini lazima awe tayari kaskazi inaposhika, Desemba hivi, ili awe na miezi mitatu mbele yake. Anayetaka kwenda kaskazini husubiri kusi ipungue ukali, Agosti au Septemba, au huondoka katika tangambili, pepo zinapobadilishana. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye safari ya kusini iangukie Agosti hadi Oktoba: hewa ni kavu kiasi, joto si kali, na bado yapo mabamvua manne au matano ya akiba kabla ya kaskazi. Sisi tulikagua giaboksi Februari. Kosa letu kubwa lilikuwa hapo, kabla hata ya sili kuagizwa.

Masika usiguse kazi ya epoksi wala rangi kama unaweza kuiepuka. Unyevu huacha ute juu ya epoksi na tabaka la pili halishiki. Januari na Februari nako joto lina hasara yake, kwa sababu epoksi huganda kwa kasi mara mbili hivi kila joto linapopanda nyuzi 10. Kopo ambalo maandishi yake yanakuahidi nusu saa kwa nyuzi 20 litakuachia robo saa kwa nyuzi 30. Changanya kidogo kidogo, alfajiri, kivulini, na umimine mchanganyiko kwenye sahani pana, maana ukiuacha ndani ya kopo hujipasha moto wenyewe.

Kuzungumza na fundi

Mzee aliyetufanyia kazi ya sitaha alizoea majahazi, na nilikwenda kwake kila asubuhi na swali lilelile.

"Shikamoo, mzee. Kazi itakwisha lini?"

"Marahaba, mwanangu. Wiki ijayo, inshallah."

Wiki ikija, jibu lilikuwa hilohilo. Nilikuwa karibu kukasirika. Kisha siku moja nikamuuliza namna nyingine: "Mzee, tukishushe bamvua hili la mwezi mchanga, au lile la mwezi mpevu?" Aliweka chini randa, akazitazama mbao, akahesabu kwa vidole. "La mwezi mpevu. Hili mbao zitakuwa hazijakauka." Na ikawa hivyo, kwa siku ileile.

Tangu hapo sijamuuliza fundi wa pwani tarehe. Tarehe ni ombi, na anayekujibu inshallah anakutakia heri. Bamvua ni kitu anachokijua mwilini tangu utotoni, na akikutajia bamvua amekwisha pima mbao, msaidizi wake, harusi ya binti wa jirani na mvua. Muulize pia nini kinaweza kuzuia kazi. Mara nyingi atakutajia kitu ambacho ungeweza kukinunua leo.

Nunua vifaa mwenyewe, au mfuatane dukani. Lipa kazi kwa hatua zinazoonekana kwa macho: mbao zimetolewa, mbao zimekaa, kalafati imekwisha. Malipo ya awali yawe ya vifaa na nauli, na fedha ya mwisho ibaki mpaka chombo kimekaa majini siku mbili bila kuvuja. Mpe chai na kivuli. Usimharakishe mtu anayeziba vali iliyo chini ya maji. Hapo ndipo pahali pekee katika chombo ambapo dakika tano alizozikwepa zinaweza kukuzamisha usiku.

Kama fundi wako ni wa injini za magari, ambao ndio wengi, muonyeshe kwanza njia ya maji ya bahari: yanaingia wapi, yanapita kwenye impela gani, yanatokea wapi. Sehemu nyingine za injini anazijua kuliko wewe.

Kabla ya kuagiza kitu ng'ambo

Kipuri kitoe kwanza, kisafishe, kipime kwa kalipa, kisome. Sili huwa na namba tatu kama nilivyosema. Beringi ina namba ya kimataifa: 6203 kwa mfano ni ya milimita 17 ndani, 40 nje, unene 12, popote duniani, iwe imetoka kwenye pikipiki au kwenye pampu ya ngama. Mikanda ina urefu na upana uliopigwa chapa mgongoni. Vitu hivi havina ubaharia wowote ndani yake. Duka la beringi la Mombasa, Tanga au Dar es Salaam litakuuzia leo.

Injini yenyewe mara nyingi ina ndugu nchi kavu. Perkins za zamani zina undugu na zile za matrekta ya Massey Ferguson. Injini ndogo za Beta Marine na Nanni hujengwa juu ya injini za Kubota, ambazo zimo kwenye matrekta madogo na jenereta. Gasketi, nozeli, filta na mota ya kuwashia utazipata kwa wauza vipuri vya matrekta. Vitakavyokulazimu kuagiza ni vya upande wa maji ya bahari: impela, kipoozaji, kiwiko cha ekzosi. Hivyo weka akiba kabla havijaharibika. Impela mbili, mikanda miwili, filta za dizeli sita. Dizeli yetu ya madumu mara nyingi huja na maji. Iache itulie usiku kucha, uimimine kupitia kichujio, ubakize ya chini kabisa.

Ikibidi kuagiza, mtumie muuzaji picha ya kibao cha injini chenye namba ya mfululizo, picha ya kipuri kando ya rula, na maelezo ya upande kilikotoka. Kukosa maelezo hayo ya upande ndiko kulikotugharimu sisi wiki tano. Mwambie aandike ankara yenye jina la kipuri, thamani ya kweli na nchi kilikotengenezwa. Forodha hukwama zaidi kwa karatasi isiyoeleweka kuliko kwa ushuru wenyewe. Ongea na wakala wa forodha kabla kifurushi hakijaondoka huko. Rangi, gundi, fataki za dharura na betri kubwa za lithiamu usitarajie zije kwa ndege kama mzigo wa kawaida, na usimwombe ndugu anayekuja likizo akubebee katika sanduku lake.

Wakati unangoja, angalia pia tarehe za karatasi za chombo. Cheti cha ukaguzi hakijui kwamba umekwama. Mamlaka inayohusika kwa Kenya ni KMA, Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA. Ofisa aliyeelezwa mapema kwamba chombo kiko juu ya magadi huwa mwepesi kuliko yule anayekukuta na cheti kilichokwisha.

Chombo kinapongoja

Siku za kungoja ndizo zinazoharibu vyombo. Kinachosafiri hutumika, hukaguliwa, hupigwa na upepo. Kinachongoja huota majani tumboni, tanga huliwa na jua, vali hugandamana, betri hufa polepole.

Kila Ijumaa asubuhi sisi tuna mzunguko wetu. Vali zote zinafunguliwa na kufungwa mara tatu. Injini, ikiwa inafanya kazi, inawashwa na kutiwa gia nanga ikiwa imeshika, nusu saa, mpaka ipate moto kweli. Tanga linapandishwa asubuhi kukiwa shwari, likauke. Betri zinapimwa kabla jua halijagusa paneli: betri ya asidi na risasi ikisoma chini ya volti 12.2 ikiwa imetulia, imekwisha tumika nusu, na ukiizoesha kushuka zaidi ya hapo utanunua nyingine mwaka huohuo. Mnyororo wa nanga unapigiwa mbizi. Chombo kilichokaa pahali pamoja miezi mitatu huzunguka na maji mara nne kwa siku, na pingu inayounganisha mnyororo na nanga hulika bila kelele.

Sheria moja ya kwetu haina msamaha: injini na tanga visiwe vimefunguliwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Injini ikiwa vipandevipande, tanga liwe limefungwa mahali pake, demani na joshi zimepitishwa, tayari kupanda. Mwezi wa Aprili, giaboksi ikiwa mezani, dhoruba ya masika ilitujia saa tisa usiku. Nanga ikaanza kukokota kuelekea kwenye mikoko. Mume wangu alipandisha tanga dogo la mbele, mimi nikakata kamba ya nanga iliyokuwa na boya, tukasogea hadi upande wa pili na kutupa nanga ya akiba. Dakika saba, labda nane. Wiki moja kabla tulikuwa tumezungumzia kulipeleka tanga hilo kwa mshonaji, kwa kuwa tulikuwa "tunangoja tu".

Kwa sababu hiyohiyo usianzishe kazi ya pili wakati ya kwanza inangoja kipuri. Mkono mtupu una ushawishi mkubwa. Utaona muda upo, zana ziko nje, kwa nini usifungue na usukani? Kisha kipuri kinafika, upepo ni mzuri, na usukani uko kwa mchomeleaji.

Nyumba ndani ya karakana

Watu wengi walioacha maisha ya chomboni hawakushindwa na bahari. Walichoka kula juu ya vipande vya injini. Kwa hiyo amueni kona moja ambayo haiguswi na kazi yoyote. Kwetu ni kitanda cha mbele pamoja na jiko. Hapo haingii spana, haingii msasa, haliwekwi kopo la rangi hata kwa dakika moja. Saa kumi na mbili jioni zana zinarudi sandukuni, popote kazi ilipofikia. Mtoto apate pahali pa kuandika na mtu mzima apate pahali pa kukaa bila kuitazama kazi.

Chombo kikiwa yadi, juu ya magogo, maisha hubadilika zaidi ya unavyodhani. Ngazi ya mita tatu, usiku, na mtoto wa miaka sita. Ifungeni juu kwa kamba. Maji ya kuoshea vyombo hayawezi kumwagwa juu ya mafundi. Wekeni ndoo chini ya tundu la sinki. Choo hakitumiki. Joto la faibaglasi bila maji chini yake ni kali, kwa hiyo turubai la kivuli ndilo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya rangi. Vumbi la kupiga msasa likianza, hamieni kwa jamaa au chumba cha kupanga kwa siku hizo, hata kama fedha ni ndogo. Vumbi hilo si la mapafu ya mtoto.

Na fedha: tenga mapema ya kungojea. Wengi huhesabu bei ya kipuri na ya fundi wakasahau kwamba kila bamvua lililopotea lina bei ya yadi, ya maji, ya nauli za Mombasa kwenda na kurudi. Mimi huandika katika daftari, pembeni mwa kila bamvua, gharama ya kulikosa. Namba hiyo ndiyo inayotusaidia kuamua kama tumlipe fundi wa pili aje kutoka mbali au tungoje wa kwanza apone malaria.

Kazi ikisha kwisha, usiondoke kesho yake. Chagua siku ya maji mafu, ambapo mkondo wa mlangoni ni mdogo, mtoke nje ya mwamba kwa saa tatu: saa moja kwa injini tupu, mbili kwa tanga, mkibisha na kurudi. Mtu mmoja akae na tochi karibu na shafti. Gilandi ya kamba idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, na ikisimama karibu isidondoshe kabisa. Gusa giaboksi, gusa beringi, sikiliza. Mkirudi nangani, kausha ngama kwa kitambaa kikavu, tandika karatasi nyeupe chini ya kila kiungo kilichofunguliwa, mlale. Asubuhi, kabla ya chai, tazama karatasi hizo. Yetu ya Desemba ilikuwa nyeupe, na saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumeshang'oa nanga.